Siku Wankyo Alipopimwa Moyo

Mdomo wangu umeniponza mara nyingi, lakini siku ile pale Butiama uliwaponza watu wengine. Tulikuwa tumewakusanya wanakijiji kwenye ofisi ya kata kuwaeleza utafiti wetu wa watu ambao ukuta wa moyo wao unanenepa. Daktari Shija, mkuu wa utafiti, alianza kueleza kwa lugha yake ya chuoni, watu wakaanza kupiga miayo, basi nikamnyang'anya kipaza sauti. Mimi ni muuguzi, nimekulia Nyasho, Musoma mjini, najua kusema na watu. Nikawaambia moyo ni msuli kama msuli wa mkono. Mkono wa msukuma mkokoteni ukijaa, ni sifa. Ukuta wa moyo ukijaa, nafasi ya damu ndani inabaki finyu, na siku mtu anakimbia au anabeba gunia mapigo yanavurugika, anaanguka akiwa kijana mwenye afya zake. Wengine unawanenepea kwa sababu ya presha. Wengine wanarithi kwa mzazi, na hao wa kurithi ndio tuliokuwa tunawatafuta.

Mama mmoja akauliza kama alete watoto wake wote saba. Mashine ya kupiga picha ya moyo tulikuwa nayo moja tu, ya kubeba, inazunguka Musoma, Bunda na Butiama kwa zamu. Nikataka kuokoa muda. Nikatamka kwa sauti ya juu, "Baba akiwa mzima na mama akiwa mzima, mtoto msimhangaikie!" Watu wakapiga makofi. Daktari Shija alijua mambo hayako rahisi hivyo, lakini alicheka akaniachia. Nilirudi Musoma nikijiona mwalimu.

Miezi miwili baadaye tulikuwa Bunda kwa Stanslaus, mkulima wa pamba wa miaka arobaini na sita ambaye alikuwa ameanguka shambani na jembe mkononi. Ukuta wa moyo wake ulikuwa milimita ishirini na mbili. Wa mtu wa kawaida hauzidi kumi na mbili. Tukawapima watoto wake wanne, wawili wakakutwa nao. Daktari aliwaandikia vidonge vya kutuliza kasi ya moyo, akawakataza kazi nzito. Kumkataza mkulima wa pamba kazi nzito! Nilitamani kucheka, nikamwona mkewe anavyowatazama wale wawili, nikainama nikakunja nyaya zangu.

Nilipokuwa napakia mashine, Stanslaus alinifuata hadi nyuma ya gari.

"Sista Dorah," akasema, "kuna mwingine. Ila siyo wangu."

"Siyo wako, halafu unamtaja?"

Akageuka kuangalia kama mkewe yuko karibu. "Yuko Butiama, kwa mzee Wankyo. Wanamwitaga Enoka. Zamani nilikuwaga naenda huko kununua ng'ombe. Usiandike, Sista. Ukiandika, huyo mtoto amekwisha."

Sikuhitaji maelezo zaidi. Kwetu Mara, mwanamke ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa mwanamke mwenzake. Tunaiita nyumba ntobhu. Yule aliyeolewa anazaa na mwanamume anayekubalika, na watoto wanakuwa wa nyumba ile. Baba yao ni yule mama aliyetoa ng'ombe, na wanamwita baba. Mwanamume aliyewazaa hana jina wala neno. Mtaa mzima unajua, hakuna anayesema, na nyumba inasimama kwa sababu hakuna anayesema.

Wankyo alikuwa mama mjane wa miaka sabini, mrefu, mkali, anayevuta ugoro na kupiga chafya kama mwanamume. Alimwoa Boke miaka ishirini iliyopita baada ya mumewe kufa. Boke akamzalia Enoka, na Mungu hakuongeza mwingine. Shemeji yake Wankyo, mzee Keraryo, alikuwa anaimezea mate ardhi ya marehemu kaka yake. Mara mbili alikwenda kwenye baraza la kata akidai nyumba ile haina mrithi, kijana ni wa kuokotwa. Mara zote mbili baraza lilimuuliza nani amesema hivyo, akakosa wa kumtaja.

Kijana mwenyewe alikuwa na miaka kumi na saba, kidato cha tatu, na alikuwa anakimbia. Si kukimbia kwa kawaida. Shule yake ilikuwa haijawahi kupeleka mtu kwenye mashindano ya mkoa, na sasa inampeleka yeye, mita elfu moja na mia tano. Ndio wanaokufa hao, wakiwa na namba mgongoni.

Nikaenda kwa Wankyo na uongo wangu mfukoni. Nikasema tunapima wanamichezo.

"Mnapima wanamichezo wangapi?" akaniuliza.

"Tunaanza na Enoka."

"Ahaa." Akavuta ugoro wake taratibu. "Wewe si ndiye ulisemaga pale ofisini, baba akiwa mzima na mama akiwa mzima, mtoto asihangaikiwe?"

"Ndiyo, mzee, lakini..."

"Hakuna lakini. Njooni mpime baba."

Ningejibu nini? Kila jibu nililokuwa nalo lilikuwa na maana moja tu, kwamba wewe si baba yake, na hilo halitamkwi ndani ya nyumba ile. Boke alikuwa anachambua mboga mlangoni. Hakuinua kichwa.

Wankyo alipanga siku mwenyewe. Tulipofika na mashine tulikuta amechinja kuku watatu na kuwaalika majirani, na Keraryo ameketishwa kwenye kiti cha mbele ili asikose kitu. Wankyo alilazwa kitandani, mlango wazi, majirani wamejaa ukumbini. Daktari Shija alimpaka jeli kifuani, akatembeza kipimo, akatazama kioo muda mrefu. Hakujua lolote kuhusu Stanslaus na mtoto wa Butiama. Nilikuwa nimeificha siri ya Stanslaus kama alivyoniomba.

"Milimita tisa," akasema. "Mzee, una moyo wa msichana."

Vigelegele vilipigwa hadi kuku waliobaki wakakimbia uwanjani. Boke naye akapimwa, akawa mzima. Enoka hakulazwa; kwa kanuni yangu ya pale ofisini hakuhitaji. Wankyo akatoka nje huku anafunga gauni, jeli bado inang'aa shingoni, akasimama mbele ya shemeji yake.

"Keraryo, umesikia daktari? Baba mzima. Mama mzima. Mtoto mzima."

Alikuwa na furaha ambayo sijaiona kwa mtu mzima. Enoka alikuwa amesimama karibu na zizi, anacheka kwa aibu, na Wankyo akamvuta akamkumbatia mbele ya watu. Niliichukia sauti yangu ya pale ofisini. Niliichukia kwa sababu nyumba nzima ilikuwa inafurahia kitu nilichowapa mimi, na nilishindwa kuwapokonya.

Njiani nikamweleza daktari kila kitu. Alisimamisha gari kando ya barabara.

"Siri ya mgonjwa hatuwezi kuitoa," akasema. "Lakini mama akimleta mtoto wake ofisini, nitampima. Sitauliza sababu."

Wiki iliyofuata nikamvizia Boke kwenye mnada wa Butiama, alikokuwa anauza maharage. Nilimnong'oneza maneno machache tu: yule wa Bunda anaumwa moyo, na ugonjwa wenyewe unarithiwa. Hapo nikawa nimevunja kiapo changu cha kwanza, cha kutunza siri ya mgonjwa. Boke aliendelea kupima maharage, akamfungia mteja, akamrudishia chenji. Alipoondoka yule mteja ndipo akasema.

"Watoto wake wanao?"

"Wawili kati ya wanne."

"Alhamisi," akasema. "Nitamdanganya mzee tunakuja Musoma kununua viatu vya mbio."

Alhamisi walikuja kweli, ofisini kwetu Iringo, Musoma, viatu vipya mkononi kwenye mfuko. Enoka alilala upande wa kushoto, mkono chini ya kichwa. Daktari akamuuliza akikimbia kifua hakibani.

"Kinabanaga kidogo. Mwalimu alisema ni mazoezi hayatoshi. Nikaongeza."

Daktari alipima mara ya kwanza, akapima ya pili, akanigeuzia kioo bila kunitazama. Milimita ishirini na moja.

Daktari alimweleza taratibu, vizuri kuliko ambavyo ningeeleza mimi. Hakuna mashindano tena. Kidonge kila siku. Kurudi kila miezi sita. Akamwambia kuna watu wanaishi nao hadi uzeeni, na alisema kweli, ila hakumficha kwamba wengine wanaanguka. Enoka alisikiliza kama anayesikiliza habari za mtu wa mbali. Kisha akauliza swali ambalo hatukulitarajia.

"Sasa nimeurithi kwa nani? Baba si mlimpima?"

Daktari akajishughulisha na kupangusa kipimo. Boke akafunika uso kwa khanga. Kijana akamtazama mama yake, akanitazama mimi, na nikaona kwamba alikuwa anajua siku zote kama ambavyo mtaa mzima ulikuwa unajua. Alitaka tu kuona kama kuna atakayethubutu kusema.

"Enoka, mwanangu," nikasema, "usikimbie mashindano ya Jumamosi. Mwambie mzee unaumwa tumbo, mwambie chochote."

"Jumamosi anakuja mwenyewe. Ameshawaambia ukoo wote. Nikisema tumbo, ataniangalia tu, atajua. Yeye simdanganyagi." Alikuwa anasema kwa upole kama anayemtuliza mtoto. "Nikisema kweli, mzee Keraryo atasema unaona, mwenyewe alipimwa mzima, mtoto mgonjwa. Halafu baba atakuwa nani?"

"Utakufa, wewe!" Nilipiga kelele. Daktari akanishika bega.

"Nitakimbia hii moja," Enoka akasema. "Nimeshakimbia nyingi, Sista. Baada ya hii nitasema nimechoka na michezo."

Vidonge akaviacha mezani. Boke alivitazama, akanyoosha mkono, akaurudisha. Kwao hakuna pa kuvificha ambapo Wankyo hapafagii. Waliondoka pamoja na mfuko wao wa viatu, na mimi nilikaa nimeshika tama hadi jioni. Tulikuwa na mashine, tulikuwa na dawa, tulikuwa na daktari, na tulishindwa kumzuia mtoto mmoja kuzunguka uwanja.

Jumamosi nilifika uwanjani mapema. Nikamtafuta mwalimu wa michezo, nikamwambia mimi ni muuguzi, namba ishirini na nane asikimbie, ana tatizo la kiafya. Akaniomba barua. Nikasema barua sina, ninachosema ni kweli. Akanitazama toka juu mpaka chini, kama watu wanavyotazama mwanamke aliyetumwa na shule pinzani.

"Sister, mzazi wake yupo. Aandike tu, namtoa sasa hivi. Yule pale."

Wankyo alikuwa ameketi kwenye nyasi katikati ya ukoo, kitenge kipya, kitambaa cha kichwa kimefungwa kwa madaha. Boke alikuwa pembeni yake, macho yamevimba. Keraryo alikuwa nyuma yao na wazee wengine wawili. Nikakaa kando ya Wankyo. Akanikaribisha kwa furaha, akanigawia karanga. Nilizishika tu. Nilikuwa nimewaahidi Boke na Enoka, siku ile wanaondoka ofisini, kwamba yeye sitamwambia, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu mdomo ulikuwa mzito.

Filimbi ikapigwa. Vijana kumi na moja wakaondoka kwa kundi. Mzunguko wa kwanza Enoka alikuwa wa nne, anakimbia vizuri, mabega yametulia. Alipopita mbele yetu Wankyo aliruka juu akapiga kigelegele. Mzunguko wa pili alikuwa wa tatu, na nikamwona anajishika kifua, mara moja tu, haraka, kama anayefukuza nzi.

Basi nikasema. Niliinama kwenye sikio la Wankyo, nikasema, "Mzee, tulimpima. Alhamisi. Moyo wake ni mnene mara mbili ya wako. Anaweza kuanguka sasa hivi."

Hakugeuka. Alikuwa bado anatabasamu, tabasamu halikuwa limepata taarifa.

"Boke alijua?"

"Alimleta yeye."

"Na mtoto anajua?"

"Anajua. Amekataa kuacha kwa ajili yako."

Upande wa pili wa uwanja vijana walikuwa wanakata kona. Nilidhani atanizaba kibao, na ningekipokea.

"Mimi siyo mjinga, Sista," akasema polepole. "Nilijua sikumzaa. Nilitaka Keraryo anyamaze tu. Lakini daktari aliposema mimi mzima, nikaamini. Kweli niliamini na yeye ni mzima. Nimekuwaga baba yake miaka yote hiyo, nikasahau."

Akainuka. Magoti yake yalilia, nikamshika kiwiko, akanisukuma. Akaingia uwanjani. Mwamuzi mmoja akapuliza filimbi, watu wakaanza kucheka, bibi kizee anakatiza njia ya mbio na kitenge chake kipya. Kundi la mbele likaja, vijana wawili wakamkwepa huku na huku. Enoka alikuwa nyuma yao, kichwa kimeinama. Wankyo akatanua mikono yote miwili.

"Simama! Enoka, simama! Hiyo moyo siyo yangu! Mimi sikukuzaa, mwanangu, hiyo moyo siyo yangu, simama!"

Uwanja ulikuwa na watu wengi sana, na sauti yake ilikuwa imezoea kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Kila mtu alisikia. Enoka alipiga hatua nne au tano zaidi, akaishiwa, akasimama mbele yake na mikono magotini, anahema. Wankyo akamshika kichwa akakibana tumboni kwake. Wale vijana wengine waliendelea kukimbia kuwazunguka, kwa sababu mbio zilikuwa hazijaisha.

Nyuma yangu nikamsikia Keraryo. Hakupandisha sauti. Aliwaambia wale wazee wawili, "Mmesikia. Amesema mwenyewe." Kisha akatoa simu, akaanza kumtafuta mwenyekiti wa baraza. Boke alijilaza kwenye nyasi kifudifudi, hakuna aliyemgusa.

Nilikimbia hadi walipokuwa. Nikashika mkono wa Enoka, nikahesabu mapigo. Yalikuwa yanaruka, yanakosa, yanarudi, na baada ya muda mrefu yakatulia. Alikuwa hai. Nilimwambia akae chini, akakaa. Wankyo naye akakaa palepale kwenye vumbi la njia ya mbio, kitambaa cha kichwa kimedondoka, mvi zake nje mbele ya mkoa mzima. Alimpangusa kijana jasho kwa pindo la kitenge, paji la uso, shingo, nyuma ya masikio. Enoka alikuwa analia.

"Baba, kwa nini umesema?" akamuuliza.

Wankyo aliniangalia mimi, na yale macho makali yalikuwa yananiomba, jambo ambalo nadhani alikuwa hajawahi kumfanyia mtu.

"Haya, Sista. Nimeshasema. Karatasi zenu andikeni mnavyotaka, andikeni na huyo mwanamume." Akaweka kiganja chake kwenye kifua cha kijana. "Sasa mtaitengeneza?"

Nilimweleza kuhusu vidonge. Nilimweleza kuhusu miezi sita. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, akauliza tena, taratibu, kama mtu anayedhani hakueleweka vizuri mara ya kwanza.

"Nauliza hiyo moyo. Mtaitengeneza irudi kama yangu?"

Nikamwambia hapana.